Chumvi ya Februari

Thunder Bay, saa moja asubuhi, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na mlango wa gereji umegandana na sakafu.
Naupiga teke. Naupiga la pili, lisilo na adabu kama la kwanza.

Watu husema: kumbe unaosha magari.
Ndiyo. Kama daktari wa meno anavyopiga watu mswaki.

Kuosha ni nusu saa. Kinachobaki ni siku:
kulipigia magoti zulia kana kwamba nimelikosea,
kupenyeza bega chini ya usukani mpaka mbavu zijue umbo la breki,
kung'oa nywele za mbwa kwa kipande cha mpira,
kusugua tundu la kiyoyozi ambalo hakuna atakayelichungulia
ila mimi, nami nimeshaliona.

Mashine ya kung'arisha ina kilo tatu asubuhi.
Saa nane mchana ina kilo kumi na moja.
Usiku, mezani, mkono bado unanguruma peke yake,
supu ya njegere inaruka kijikoni,
na binti yangu Oona hunisogezea bakuli bila kusema neno.

Daktari Sadowski ameandika: pumzisha mkono wa kulia wiki sita.
Nikamuuliza, na kodi ya gereji, nayo itapumzika?

Chumvi, lakini. Chumvi ndiyo bosi wangu.
Wanaimwaga barabarani ili tusife,
nayo inayala magari taratibu ili tusitajirike.
Ikikauka kwenye zulia huacha ramani nyeupe:
hapa kisigino cha dereva, pale buti la mtoto aliyegoma kushuka.
Naipulizia mvuke, naivuta, inarudi. Naivuta tena.
Chini ya viti nimeokota jino la maziwa ndani ya tishu,
na siku moja risiti ya hoteli, ya watu wawili,
ambayo niliitupa badala ya kuirudisha,
na hadi leo sijui nilimtendea nani wema.

Jumanne Marlys Beaucage alileta pikapu ya buluu, ya miaka kumi na minne,
iliyowahi kubeba kuni, mbwa wawili na talaka moja.
"Naiuza Ijumaa," alisema. "Ifanye impendeze mtu mwingine."

Siku mbili nilikuwa chini yake, juu yake, ndani yake.
Nilipitisha udongo laini kwenye boneti mpaka kiganja kikaacha kusikia mchanga.
Nikawasha kurunzi: utando wa buibui kila mahali,
mikwaruzo ya duara ya matambara machafu ya miaka yote.
Nikapitisha mashine. Mara ya pili. Bega likaniita kwa jina la utani.
Mara ya tatu,
na hapo nikaona kitu ambacho miaka kumi na tisa haijanizoesha:
buibui amehama na nyumba yake,
na mirija sita ya taa za darini imelala juu ya mlango wa buluu,
imenyooka kama iliyopigwa rula.
Wakati huo mgongo hauumi. Nasema uongo, unauma,
ila kwa mbali, kama redio ya jirani.

Marlys alikuja Alhamisi. Akaizunguka mara mbili, mikono mfukoni.
Akaingia, akafunga mlango, akakaa humo
mpaka pumzi yake ikatia ukungu vioo nilivyovimaliza dakika kumi kabla.
Alipotoka alinilipa taslimu, akaongeza dola arobaini.
"Umeniharibia Ijumaa, Armas. Siwezi kuiuza tena."

Nilisimama mlangoni, koti wazi.
Lori la manispaa lilikuwa limemtangulia, likimwaga.
Kabla hajafika taa za Mtaa wa Algoma
matairi yalishaanza kuwa meupe.
Sikukasirika. Nilihesabu:
Machi, Aprili. Aprili atarudi.

Nikasuuza ndoo. Nikajaribu kukunja ngumi.
Vidole vitatu vilikubali.